Je, dalali ni mpotevu? Asili ya neno, hukumu ya kazi, na suala la cha juu

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh. Mimi ni kijana wa Arusha, natafuta riziki kwa udalali wa vyumba na viwanja, kuanzia Ngarenaro na Sakina mpaka Olasiti. Nimeposa binti wa Moshi, kwao ni Majengo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba yake alipohudhuria darsa moja, mwalimu akasema neno "dalali" limetokana na "dhalala", yaani upotevu. Kwamba dalali ni mpotevu anayepoteza watu na kipato chake ni haramu. Mzee amesema hawezi kumwoza binti yake kwa mtu anayekula haramu, niache kazi kwanza ndipo tuzungumze. Sina mtaji wa kazi nyingine, na mama yangu ananitegemea. Je, ni kweli asili ya neno hili ni hiyo? Na cha juu, ile fedha tunayoongeza juu ya bei ya mwenye mali, je? Wenzangu wanasema hiyo ndiyo biashara yenyewe.

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Nina maswali yaliyotangulia la kwako, lakini nimelitanguliza kwa sababu limenisumbua. Posa imesimama, mama anaangalia mkono wa kijana wake, na chanzo cha yote ni herufi moja iliyosikika vibaya. Halafu ndani ya swali hilo hilo umeuliza jambo jingine kama la nyongeza tu, nalo kwangu ndilo zito zaidi. Nitaanza na neno.

Neno dalali limetoka Kiarabu, dallaal, kwa herufi daal. Mzizi wake ni dalla, yadullu: kuonyesha, kuelekeza, kumfikisha mtu kwenye kitu ambacho peke yake asingekifikia. Ndugu yake wa damu tunaye kila siku katika Kiswahili, nalo ni neno dalili. Dhalala ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni ya herufi dhaad, ile ile unayoisoma katika Alhamdu kila rakaa, waladh-dhaalliin, na maana yake ni kupotea njia. Herufi mbili tofauti, mizizi miwili tofauti, na maana zinazopigana: mmoja anaonyesha njia, mwingine ameipoteza.

Hata asiyejua Kiarabu angeweza kuliona hili ndani ya Kiswahili chenyewe. Wazee wetu wa pwani walipoyapokea maneno haya walizitunza herufi zake kwa uangalifu. Zenye dhaad wakazitamka kwa dh: dhamana, dhaifu, dharura, radhi, Ramadhani. Zenye daal wakaziacha kwa d: dini, dunia, dua, dawa, dalili. Lau neno letu lingetoka kwenye upotevu, leo tungekuwa tunasema "dhalali". Hakuna Mswahili aliyewahi kulitamka hivyo, Lamu wala Unguja wala Ngarenaro.

Sasa angalia Qur'ani inavyolitumia tendo hili. Katika Surat As-Saff aya ya 10 Mwenyezi Mungu anasema: "Enyi mlioamini! Je, nikuonyesheni biashara itakayokuokoeni na adhabu iliyo chungu?" Neno la Kiarabu hapo ni adullukum, tendo lile lile lililozaa dalali, na linalofuata ni tijaara, biashara. Mola Mtukufu mwenyewe amejinasibishia tendo hili, tena likiwa limekaa pamoja na biashara. Na Mtume (rehma na amani zimshukie) amesema, katika Hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Mas'ud, kwamba mwenye kuonyesha kheri hupata mfano wa ujira wa aliyeitenda. Hapo pia ni man dalla, mwenye kuonyesha. Je, anayesema mzizi huu ni upotevu ameyasoma haya?

Dada yake Musa naye, alipowaona watu wa Firauni wanahangaika na mtoto asiyetaka kunyonya, aliwaambia, kama ilivyo katika Surat Al-Qasas aya ya 12: "Je, nikuonyesheni watu wa nyumba watakaomlea kwa ajili yenu, nao wawe wema kwake?" Alionyesha nyumba, akawaeleza sifa ya watu wa nyumba hiyo, na sifa aliyoieleza ilikuwa kweli tupu. Msemo huo wa dada umekuja pia katika Surat Taha, aya ya 40.

Lakini sitaki uifunge safari hapa ukisema basi kazi yangu imetajwa kwenye Qur'ani, mambo yamekwisha. Endelea na sura hiyo hiyo ya Taha mpaka aya ya 120. Utamkuta Iblisi anamwambia Adam: "Ewe Adam! Je, nikuonyeshe mti wa kuishi milele na ufalme usiochakaa?" Adulluka. Tendo ni hilo hilo, halikubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni mwenye kuonyesha na ukweli wa anachokionyesha. Kwa hiyo asili ya neno haimwingizi mtu peponi wala haimtii motoni. Ninalirudisha neno mahali pake kwa sababu limesingiziwa, lakini uhalali wa riziki yako hautatoka kwenye kamusi.

Kosa la kwanza la mwalimu yule lilikuwa la lugha. La pili ni kubwa zaidi, nalo ni kutoa hukumu ya haramu kwa kusikia sauti ya neno. Mwenyezi Mungu ametuonya katika Surat An-Nahl aya ya 116 tusiseme kwa uongo wa ndimi zetu, hiki halali na hiki haramu. Mtu anakaa mbele za watu, anasikia maneno mawili yanafanana mdomoni, anaharamisha kazi ya maelfu ya watu, anafunga kitabu anaondoka. Nyuma yake posa inavunjika. Hata kama neno lingekuwa limetokana na upotevu kweli, bado isingetosha, kwa sababu hukumu ya kitendo hutazamwa kwenye kitendo.

Na katika hili tuna ushahidi wa wazi kabisa kutoka Madina. Zamani Waarabu walimwita mtu wa kati simsaar, na wengi wao samaasira. Al-Khattabi, mmoja wa wafasiri wakubwa wa Hadithi, anaeleza kwamba neno hilo lilikuwa la kigeni, wala halikuwa la Kiarabu. Wengi wa waliokuwa wakishughulika na kuuza na kununua walikuwa wageni, na Waarabu wakalichukua jina kutoka kwao. Sahaba Qays bin Abi Gharaza, ambaye mwenyewe alikuwa katika kazi hiyo, amesimulia katika Hadithi iliyomo kwa Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo: tulikuwa tukiitwa samaasira, Mtume akatupitia, akatuita kwa jina lililo bora kuliko hilo, akasema, "Enyi jamaa ya wafanyabiashara! Hakika biashara huhudhuriwa na maneno ya upuuzi na viapo, basi ichanganyeni na sadaka."

Tazama alivyofanya. Aliwakuta sokoni wakiwa kazini. Hakuwafukuza. Hakuwaambia waache kazi kwanza ndipo wazungumze. Jina lililowashusha akaliinua, akawataja kwa jina la heshima, kisha akawaambia maradhi ya kazi yao ni yapi na dawa yake ni ipi. Hivyo ndivyo anavyotakiwa kufanya mwalimu anayewaona madalali wetu wanakosea.

Najua watakaojibu kwamba kuna Hadithi nyingine: Mtume amekataza mtu wa mjini kumuuzia mtu wa shamba, na Sahaba Ibn Abbas alipoulizwa na mwanafunzi wake Tawus maana yake akasema, "asiwe dalali wake." Hadithi hii ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim, na anayeitaja ana haki ya kusikilizwa. Ila aitaje yote. Katika riwaya ya Jabir kwa Muslim sababu imetajwa waziwazi: "Waacheni watu, Mwenyezi Mungu awaruzuku wao kwa wao." Mkusudiwa ni mgeni anayekuja na bidhaa wanayoihitaji watu wote, anataka kuiuza leo kwa bei ya leo arudi kwao, mwenyeji anamfuata na kumwambia, niachie mimi, nitakuuzia pole pole kwa bei ya juu. Wanachuoni wa Kishafii wameyataja masharti hayo moja moja, na yasipokuwepo katazo halipo. Chumba cha kupanga Sakina kinaingiaje humo? Mama mwenye nyumba si mtu aliyeshuka na ngamia kutoka jangwani. Yupo pale pale, bei anaijua, na yeye ndiye aliyekutafuta wewe.

Anayetaka kulishika katazo hili kwa nguvu aende alipo mlengwa wake. Wapo watu wanaolisubiri lori la vitunguu kutoka Mang'ola kabla halijafika soko la Kilombero, wanamwambia mkulima soko limeanguka na jana watu wamemwaga mzigo, ili awaachie kwa bei ya kutupa. Kuupokea msafara njiani kabla haujafika sokoni kumekatazwa kwa jina lake, na uongo juu ya bei ni dhambi ya pili juu ya ile ya kwanza. Hao sijawahi kuwasikia wakitajwa darsani.

Hoja nyingine inayosemwa sana ni kwamba dalali anakula bila jasho. Anayesema hivyo hajatembea na dalali siku ya mvua za masika kutafuta chumba cha mtu mwenye watoto watatu, anayetaka maji yawe ndani, luku ya peke yake na choo kisiwe cha kuchangia nyumba nzima. Ni kazi, na kazi ina ujira. Imam Bukhari ameweka mlango maalumu katika Sahihi yake, ndani ya kitabu cha ijara, yaani kukodisha na kuajiri, kuhusu ujira wa simsaar, akataja kwamba wanachuoni wa zama za mwanzo, Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Al-Hasan, hawakuona ubaya wowote katika ujira huo. Na kama mmekubaliana ulipwe pale tu mteja anapopatikana, na wewe ukahangaika wiki nzima usimpate ukakosa, hiyo nayo ina asili yake: mtangazaji wa mfalme katika Surat Yusuf aya ya 72 aliahidi shehena ya ngamia kwa atakayekileta kikombe, yaani asiyekileta hana kitu.

Kwa ufupi basi, udalali ni halali, ujira wake ni halali ukijulikana na kukubaliwa, na mkwe wako mtarajiwa hana hoja kwa upande wa neno wala kwa upande wa kazi.

Sasa nakuja kwenye cha juu. Hapa, mwanangu, nitakuwa mkali kuliko yule mwalimu.

Wenzako wanasema ndiyo biashara yenyewe. Hoja yao naijua, nimeisikia mara nyingi: mwenye nyumba alitaka 50,000 kwa mwezi na amepata 50,000 yake, mpangaji aliambiwa 60,000 akaridhia, mimi nimechukua 10,000 ya katikati kwa akili yangu, nani amedhulumiwa? Hoja inasikika vizuri mpaka uitazame kwa karibu. Mpangaji alikuuliza, mwenye nyumba anataka ngapi? Ukasema 60,000. Huo ni uongo, na hakuna jina la mtaani litakaloubadilisha. Kisha mlipokaribia geti ulimtangulia, ukamnong'oneza mama mwenye nyumba, "mama, bei usiitaje, niachie mimi." Kama fedha ile ni haki yako, kwa nini watu wawili wenye mali zao wazuiwe kuzungumza? Anayelipwa kwa kuonyesha, sasa anajipatia kwa kuficha.

Kwa kawaida mambo hujulikana mkataba ukiisha. Mpangaji amezoea kulipa miezi sita kwa mkupuo. Safari hii hana haja ya dalali, anampelekea mama 360,000 mkononi. Mama anahesabu, anahesabu tena, anamwambia, "Mbona umezidisha 60,000, mwanangu?" Hapo wote wawili wanaelewa kwa pamoja. Na ukumbuke dalali huyo alikuwa ameshalipwa ujira wake wa kodi ya mwezi mmoja.

Anayesema mwenye nyumba hakudhulumiwa ajibu Hadithi ya Urwa Al-Bariqi, iliyomo kwa Bukhari. Mtume alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua kondoo wawili kwa dinari ile, akauza mmoja kwa dinari moja, akarudi na kondoo na dinari. Kwa lugha ya vijiwe vya madalali, Urwa alikuwa na cha juu kizuri sana: aliyemtuma alitaka kondoo mmoja na angempata, na dinari iliyobaki ilitokana na akili na mdomo wa Urwa peke yake. Alifanya nini? Aliirudisha dinari kwa mwenyewe. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake, na ikasemwa kwamba hata angenunua udongo angepata faida. Hiyo ndiyo hukumu ya mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine: inachozaa ni cha mwenye mali. Mpangaji alikuwa tayari kulipa 60,000 kwa chumba kile, basi 60,000 ndiyo thamani ya chumba cha yule mama, na 10,000 uliyoichukua ni yake.

Kwenye viwanja mambo ni mazito zaidi kwa sababu fedha ni nyingi. Mwenye shamba anakwambia anataka milioni 8, mnunuzi unamwambia milioni 9 na nusu, kisha siku ya kuandikiana kwa mwenyekiti wa mtaa unahangaika namna ya kuficha milioni moja na nusu ili isionekane kwenye karatasi. Wengine wanajitetea kwamba wao ni wafanyabiashara, wamenunua kwa bei hii wanauza kwa bei ile. Wamenunua lini? Ukikinunua kiwanja kwa fedha yako, kikawa chako na hasara yake ikawa yako, uza kwa faida unayoweza, hakuna atakayekuuliza. Lakini Mtume alimwambia Hakim bin Hizam, "Usiuze usichokuwa nacho." Aliyeshika namba ya simu ya mwenye kiwanja hajakinunua kiwanja.

Je, kuna njia ya kupata zaidi ya bei ya mwenye mali kwa halali? Ipo, na Bukhari ameitaja katika mlango ule ule. Ibn Abbas hakuona ubaya mtu kumwambia mwenzake: uza nguo hii, kitakachozidi kiasi kadhaa ni chako. Ibn Sirin amesema mfano wake. Imam Ahmad ameichukua kauli hii. Wanachuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, hawaikubali kwa sababu ujira unakuwa haujulikani, na wanataka utajwe tangu mwanzo. Mimi nakushauri utaje ujira wako kwa kiasi au kwa asilimia, ndiyo salama zaidi kwa dini yako na kwa ugomvi wa watu. Lakini ukimwambia mama wazi, "kikizidi 50,000 cha mwezi wa kwanza kiwe changu," naye akaridhia kwa moyo, una kauli ya Sahaba nyuma yako. Tofauti kati ya hili na cha juu ni kwamba mwenye mali anajua. Na hata hapo hukuruhusiwa kumwambia mpangaji kwamba mwenye nyumba kakataa kushuka ilhali hujamuuliza.

Umetaja cha juu tu, ila nitagusa mengine kwa haraka maana najua yapo. Fedha ya kuonyeshwa vyumba inafaa kama imetajwa kabla ya kuondoka, kwa sababu ni nauli na muda wako; kumpeleka mtu kwenye chumba unachojua kimeshachukuliwa ili tu atoe fedha hiyo ni wizi. Kulipwa na pande zote mbili kunafaa, kila upande ukijua. Kumpigia mteja simu kumwambia "kuna mtu analeta hela jioni" na mtu huyo hayupo, hiyo ni najash, kupandisha bei kwa hila, nayo imekatazwa. Sahaba Ibn Abi Awfa alimwita mwenye kuifanya mla riba na khaini.

Kuhusu kasoro, hapo simama kidogo. Chumba kinachovuja hupakwa rangi Desemba, ukutani kwa chini unyevu hauonekani mpaka mvua za Machi. Kiwanja kikavu Septemba ni mkondo wa maji Aprili. Shamba la ukoo linauzwa na mtoto mmoja na ndugu zake hawajui. Dalali wa eneo hilo anayajua haya kuliko mtu yeyote, maana ndiye anayelala nayo. Vitabu vya hisba, ambavyo wasimamizi wa masoko ya Kiislamu walivitumia, vina mlango wa madalali. Ash-Shayzari, wa karne ya 12 Miladia, anataka madalali wawe watu wa kuaminika, wasizidishe bei kutoka vichwani mwao, na anayejua kasoro ya bidhaa ni wajibu amjulishe mnunuzi na kumwonyesha. Amwonyeshe. Kusema "mimi dalali tu, si yangu" hakukutoi, kwa sababu kuonyesha ndiyo kazi uliyolipwa. Mtume amesema juu ya muuzaji na mnunuzi kwamba wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Wakificha na wakasema uongo, baraka hufutwa.

Sasa yaliyopita. Cha juu ulichokwisha kula ni deni. Kaa chini, andika unaowakumbuka. Mama wa nyumba anayepatikana, mrudishie yeye, kwani ndiye mwenye mali; na mpangaji uliyemdanganya mwombe radhi kwa uongo. Huna fedha yote leo, najua, na una mama wa kulisha. Lipa kidogo kidogo kila unapopata ujira, au nenda ukaombe usamehewe. Usimwambie mtu "nisamehe yote" kwa juu juu. Mtajie kiasi, ndipo kusamehe kwake kuwe na maana. Ambao huwakumbuki au huwapati, toa sadaka kwa niaba yao, na siku wakitokea wakataka haki yao uwalipe. Watakuwepo watakaokutukana. Vumilia. Lakini nakuambia kwa ninavyowajua watu wetu, wengi watashangaa dalali amerudi na fedha, na mama mwenye vyumba sita hatampa tena mtu mwingine funguo zake.

Naja kwa mzee. Tafadhali usichukue majibu haya ukapanda basi la Moshi kwenda kumwonyesha kwamba ameshindwa. Hasira ya ushindi itakunyima mke. Mzee huyu amekosea kwa sababu amefundishwa kosa, lakini chanzo cha msimamo wake ni kizuri: anataka binti yake ale halali. Wazazi wangapi siku hizi wanauliza hilo? Wengi wanauliza una gari, una nyumba, basi. Mtume amesema, kama alivyopokea Tirmidhi, "Akikujieni mnayeiridhia dini yake na tabia yake, mwozesheni." Tabia ya mtu inaonekana pale anapopata fedha bila kuonwa, kwa hiyo mzee ana haki ya kukuuliza unapata vipi, nawe una wajibu wa kumjibu kweli.

Na ukweli, mwanangu, ni kwamba sehemu ya kipato chako haikuwa halali. Mzee amepiga mahali pasipo, lakini si mbali. Kwa hiyo tuma mtu mzima wa kwenu anayeheshimika, mjomba au imamu wa msikiti wenu, amweleze kuhusu neno kwa upole na faragha, bila kumtaja mwalimu kwa ubaya. Kisha wewe nenda kwa miguu yako, ukae chini, umwambie: baba, udalali sitauacha kwa sababu ndiyo riziki yangu na ni halali, ila kuna fedha nilikuwa nachukua kwa kuficha, nimeiacha, na naanza kuirudisha. Mweleze unavyotoza: kiasi gani, kwa nani, na kwamba pande zote wanajua. Wazazi wa aina yake huyasikia maneno kama hayo.

Kwa mwalimu wa darsa nimeomba aliye karibu naye azungumze naye. Namdhania kheri, pengine alilisikia kwa mwingine akalipokea. Arekebishe pale pale alipolisema, kwa watu wale wale, maana waliolisikia wamelipeleka majumbani.

Ikiwa baada ya yote hayo mzee atashikilia kwamba kazi yenyewe ni haramu, mpeni muda, mwende kwake tena na watu wa elimu wa Moshi anaowaamini yeye. Binti akiwa radhi, na walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa, akawa hana sababu ya kisheria, mlango wa kadhi wa mkoa upo wazi. Hilo liwe la mwisho kabisa, wala sidhani mtafika huko.

Wallahu a'lam.